Epoksi ya zamani kwenye ndege ya kujijengea, niitumie au niitupe?

Kipanga_Ohio: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Niko huku Marekani nimenunua Long-EZ iliyoachwa nusu, ile aina ya ndege aliyobuni Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza 1979, mwili umeisha ila mabawa bado. Imekuja na makopo ya epoksi, ile gundi ya kuchanganya resini na hadina (dawa ya kuigandisha), ya miaka mingi sana na mengine yameshafunguliwa. Resini imeganda nyeupe kama asali ya kwenye friji. Mpya bei imesimama kweli, nikiipasha naweza kuendelea nayo?

fundi_resini: Mkuu resini kuganda sio kuharibika. Weka kopo kwenye maji ya moto nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, koroga taratibu mpaka iwe angavu kabisa, ikibaki hata punje moja itaganda tena. Shida ni hadina, hiyo kopo likishafunguliwa inavuta unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, unakuta kazi imekauka lakini juu ina utando wa mafutamafuta na tabaka linalofuata halishiki.

MamaRubani: Kwenye mabawa hapana kabisa!! Ndani ni povu gumu (foam), nje faibaglasi, hakuna riveti hata moja inayolibeba hilo bawa, gundi ndo bawa lenyewe. Halafu vaa glavu za naitraili, baadhi ya hadina za zamani zina kemikali inaitwa MDA, inaumiza ini na inashukiwa kuleta saratani.

Kipanga_Ohio: Na nikichanganya kidogo nikaona imekuwa ngumu?

fundi_resini: Ugumu wa kwenye kivuli haukuambii kitu, ndege ikipaki juani ndo inalainika, sababu hiyohiyo wanazipaka nyeupe. Hiyo tumia kutengeneza jigi (fremu za kushikilia vipande wakati wa kujenga) na kufanyia mazoezi ya kulaza faibaglasi. Na tafadhali pima kwa mizani, usizidishe hadina ili iwahi kukauka kama mafundi bodi wa magari, epoksi haiendi hivyo, ukizidisha inabaki dhaifu.

Kipanga_Ohio: Sawa wakuu naagiza mpya. Na ule mwili uliokwisha jengwa?

MamaRubani: Huo ni habari nyingine, epoksi iliyokauka vizuri inakaa miaka. Gongagonga na sarafu kila sehemu, sauti ikiwa bubu ujue glasi imeachana na povu. Tafuta daftari na picha za aliyeanza kujenga, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, watazihitaji, na EAA, chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, wana washauri wa ufundi wa kujitolea, muite mmoja aukague kabla hujaunganisha mabawa.