"KAMA TULIVYOONGEA"?! Tumeongea lini, wapi, na nani?

Mizani Haikai (mwanzisha uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Yule bwana mnamjua, kila idara ya fedha inaye mmoja. Ingizo la leja la 31/12, shilingi 86,400,000: debiti gharama mbalimbali, krediti malimbikizo (gharama za kipindi ambazo hazijalipwa). Sehemu ya maelezo kaandika neno moja: "Marekebisho". Ya nini, ya suruali?

Kaulizwa kwa barua pepe, kistaarabu kabisa, maswali matatu: gharama ya nini, ya miezi ipi, kiambatisho kiko wapi. Jibu limeingia saa 11 hii jioni: "Kama tulivyoongea." Nukta. Na nakala kwa watu 14, kasahauliwa mlinzi wa getini tu.

KAMA TULIVYOONGEA! Hakuna aliyeongea!

Maelezo ya ingizo si utenzi. Ni gharama gani, kipindi kipi, hesabu imepatikanaje, hati ipi inathibitisha, lini linageuzwa, yaani kufutwa kwa ingizo la kinyume. Basi. "Malimbikizo ya pango la ghala, Okt–Des 2024, 28,800,000 x 3, mkataba upo faili la pango, ankara haijaja, igeuzwe 1/1/2025." Ukiacha hilo "igeuzwe", ankara ikifika Januari inaingizwa upya, gharama inahesabiwa mara mbili, na mtu anaisaka kwenye leja mpaka macho yanatoka usaha.

"Kama tulivyoongea" haigongwi muhuri wala haifungwi kwenye faili. Milioni 86 kwa neno moja! Hata kaburi linaandikwa jina na tarehe mbili.

Leja Kuu:
Huyo afadhali. Kuna wa "Tuliangalie hili". Nani aliangalie? Mpaka lini? Ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, haimsubiri mtu anayeangalia.

Tiki Nyekundu:
Mwambieni bwana wenu anatuandalia sampuli bure sisi wakaguzi. ISA 240, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu udanganyifu, inamtaka mkaguzi apime maingizo ya leja, na miongoni mwa dalili zilizotajwa humo ni ingizo la mwisho wa kipindi lenye maelezo kiduchu au lisilo nayo kabisa. "Marekebisho" ya 31/12 ndiyo ya kwanza kuchomolewa.

Halafu hoja ya ukaguzi ikiandikwa, tunaeleza hali tuliyoikuta, kigezo kilichovunjwa, chanzo, athari na pendekezo. Menejimenti inajibu: "Imezingatiwa." Hoja haifungwi kwa "imezingatiwa"! Andika cheo cha atakayerekebisha, tarehe ya kumaliza na ushahidi utakaoletwa. Mwakani mnashangaa hoja ileile imerudi.

Chumvi ya Bahari:
Mkuu, povu lote hili kwa maneno mawili? Si ungempigia simu tu. Uzi wenyewe mrefu kuliko barua ya wakaguzi kwa menejimenti.

Mizani Haikai:
Simu haina namba ya ukurasa! Mkaguzi akija nimpe nini, sikio? Huelewi uzito wa KAMA TULIVYOONGEA wewe.

Mzee wa Viwango:
Ngoja kwanza. Hilo ghala mkataba wake ni wa muda gani? Ukizidi miezi 12, hapo hakuna cha kulimbikiza pango. IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa pango, inataka mali ya haki ya kutumia na deni la pango kwenye mizania, halafu uchakavu na riba. Mfano wako wenyewe una hoja.

Mizani Haikai:
Mkataba wa miezi 6, mzee wangu. Turudi kwenye jibu la saa 11.

Dirisha Namba 3:
Nyie mna raha. Njooni benki. Kwenye ujumbe wa malipo wa SWIFT, mtandao wa benki kutumiana malipo, nafasi ya maelezo ni herufi 140. Mtu anaandika "MALIPO". Herufi 6! Mpokeaji ana ankara 9 za mteja huyohuyo, afute ipi? Wiki nzima tunaulizana huku na huku. Namba ya ankara, mwezi, kiasi cha kodi ya zuio, ile mlipaji anayoikata na kuipeleka TRA: vyote vinaenea na nafasi inabaki.

Leja Kuu:
Kodi ya zuio ndiyo inayoua. Ankara milioni 10, imeingia milioni 9.5, hakuna neno. Mtu anaanza kumdai mteja laki 5 zilizokwishapelekwa TRA.

Safuwima B:
Mimi wangu ni wa ripoti ya bajeti. Jedwali limeandikwa TZS '000 juu, yaani maelfu, aya ya chini inataja shilingi kamili, ukurasa wa pili mamilioni. Na tofauti za bajeti zipo kwenye mabano. Mabano ni tumezidi au tumebakiza?

Tiki Nyekundu:
Kwenye mapato mabano ni pungufu. Kwenye gharama inategemea nani katoa nini kutoka kwenye nini. Andika pembeni M au N, mbaya au nzuri, uishie hapo.

Safuwima B:
Kaandika M. Kumbe kwake M ni "mzuri".

Dirisha Namba 3:
Mungu wangu.

Mizani Haikai:
Jamani, uzi wangu?

Mzee wa Viwango:
Safuwima, hiyo ripoti imeshakwenda bodi?