Maandalizi ya Baiolojia ya kidato cha tano kabla ya Julai: aanzie wapi?

MamaTabata

Salaam, wanajukwaa. Binti yangu alimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, na matokeo ya Januari yalimpa B ya Baiolojia na C za Kemia na Fizikia, kwa hiyo tunatarajia apangiwe tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Tangu Februari anahudhuria tuisheni hapa Tabata, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, ambako wanafunzi zaidi ya sitini hukaa katika banda moja wakinakili yaliyoandikwa ubaoni. Madaftari yamejaa. Hata hivyo, juzi nilipomwuliza utando wa seli una kazi gani, alinisomea ukurasa mzima, na nilipomwomba afunge daftari anieleze kwa maneno yake, alinyamaza. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge, na Baiolojia niliisoma ili nivuke mtihani tu, kwa hiyo sina uwezo wa kumwongoza. Je, katika miezi mitatu na nusu iliyobaki aendelee kukimbilia mada za mbele, au kuna jambo la kushughulikia kwanza? Na kile kitabu kinene ambacho kila mtu anakitaja, nikinunue sasa?

MwalimuKimara

Dada, hongera kwa matokeo ya binti, na hongera zaidi kwa kumwambia afunge daftari, maana wazazi wengi huishia kuhesabu kurasa zilizojaa.

Nimefundisha Baiolojia ya kidato cha tano na sita kwa miaka kumi na mmoja, na ninachokiona kila Julai ni kwamba wanafunzi huangushwa na Kemia iliyojificha ndani ya Baiolojia. Tuchukue huo utando wa seli. Molekuli za mafuta zinazoujenga zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa, na kwa kuwa kuna maji ndani na nje ya seli, hazina budi kujipanga safu mbili, vichwa vikielekea majini na mikia ikitazamana katikati. Mwanafunzi anayejua kwa nini maji huyeyusha chumvi lakini hayayeyushi mafuta ataweza kuufikia mwenyewe muundo uliopendekezwa na wanasayansi Singer na Nicolson mwaka 1972. Asiyejua atabaki na mchoro wa rangi asioweza kuutetea. Kwa C ya Kemia, ningemrudisha kwenye bondi, asidi na besi, hesabu za moli na kemia ya kaboni kabla ya mada yoyote mpya. Kitabu kinene kisubiri. Vitabu vya kiada anaweza kuvisoma bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Jambo la pili ni mikono. Akate vipande vitatu vya kiazi mbatata vyenye urefu wa sentimita tano kila kimoja, aweke kimoja kwenye maji matupu, cha pili kwenye maji yenye chumvi kidogo, na cha tatu kwenye maji yenye chumvi nyingi, kisha baada ya saa mbili avipime kwa rula na kuvikunja kwa vidole. Aandike alichokiona kabla ya kuandika sababu. Mkinunua samaki wa kupika wiki hii, kabla ya kumparua, amfunue kibua kifuniko cha shavu na kuyatumbukiza matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, kwenye bakuli la maji: yatatawanyika kama nyuzi za shali, na akiyatoa yatagandana. Hapo ataelewa kwa nini samaki hufa kwa kukosa oksijeni ilhali amezungukwa na hewa.

MhitimuPCB

Shikamoo, Mama. Nipo mwaka wa tatu wa udaktari, na ninaunga mkono aliyosema Mwalimu. Mimi niliingia kidato cha tano nikiwa nimemaliza mada nne za tuisheni, nikatamba hadi Septemba, darasa liliponifikia na kunipita.

Mtihani wa vitendo ndio ulionifundisha adabu. Siku yangu ya kwanza kumpasua panya niliuelekeza mkasi chini na kuusukuma kwa nguvu, nikatoboa utumbo, na vilivyomo vikafunika kila kitu nilichotakiwa kuchora. Mwalimu wangu alinionyesha baadaye kwamba ngozi huinuliwa kwanza kwa kibanio, na ncha ya mkasi hutazama juu muda wote. Panya si lazima amtafute sasa, lakini kuchora anaweza kuanza leo: penseli iliyochongwa vizuri, mistari isiyorudiwarudiwa, bila kutia kivuli.

Ninapendekeza pia achague mfano mmoja na kuufuatilia hadi mwisho, badala ya kugusa mada kumi. Selimundu unafaa sana, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu au jirani mwenye ugonjwa huo. Asidi amino (kijenzi cha protini) moja tu, ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, imebadilika kutoka glutamiki kuwa valini, na kutokana na hilo chembe nyekundu hujikunja oksijeni inapopungua. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya hapa Afrika Mashariki. Hapo amepita kwenye protini, damu, urithi na mageuko kwa hadithi moja. Kisha aiandike kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho atakachojibia mtihani.

BabaMbagala

Ninaheshimu maoni ya waliotangulia, lakini tuisheni tusiihukumu kwa haraka. Kijana wangu alipokaa nyumbani alilala hadi saa nne na kushinda na simu. Tuisheni ilimpa ratiba na wenzake wa kubishana nao. Ningeshauri Mama apunguze siku ziwe tatu kwa wiki na kutafuta darasa dogo, asimtoe kabisa.

MamaTabata

Nawashukuru sana. Tumekubaliana siku tatu za tuisheni, na siku nyingine ni za Kemia. Viazi tulivikata jana jioni. Cha maji matupu kilikuwa kigumu na kimeongezeka milimita mbili. Cha chumvi nyingi kilipungua milimita nne na kulegea kama mpira wa kufungia nywele. Binti alieleza maji yalikokwenda bila kufungua daftari. Kisha akaniuliza swali lililonishinda: kilicholegea akikirudisha kwenye maji matupu, kitasimama tena?

MwalimuKimara

Dada, ninalo jibu, lakini sitalitoa. Akirudishe usiku huu, apime baada ya saa moja na tena asubuhi, halafu atuandikie hapa mwenyewe.