Kazi ya kulea mbwa na paka Dubai, kulala huko huko: niende ama niwache?

BintiKisauni
Asalaam aleikum, naombeni ushauri. Shangazi yangu kaniunganishia kazi Dubai, si ya kulea mtoto wala kupika, ni ya kulea wanyama. Bosi na mumewe wana mbwa wawili na paka watatu na wao kutwa wako safarini, kwa hiyo wanataka mtu akae humo humo ndani, apewe chumba, awalishe, awatembeze, awapeleke kwa daktari, na kila jioni atume video wakila. Pesa ni nzuri kushinda hapa dukani. Mamangu hataki hata kusikia, asema madrasa yote ile niliyosoma ndo nikaoshe mbwa wa watu, na nitaswali vipi na mate ya mbwa mwilini? Halafu ejenti anataka niende na viza ya kutembea, ati itabadilishwa nikishafika. Wanyama nawapenda kweli lakini roho yanidunda.

MamaRahma_Sharjah
Waaleikum salaam mwanangu. Kazi hiyo ipo, si uongo. Huku hata mtunza kozi, wale ndege wa kuwindia, yumo kwenye orodha ya serikali ya wafanyakazi wa nyumbani, na Abu Dhabi kuna hospitali nzima ya kozi. Kwa hiyo mkataba wa halali waweza kupata, ndo maana nakwambia hiyo viza ya kutembea KATAA. Kufanya kazi nayo ni kosa, na ukishikwa ejenti hutamuona. Sheria ya 2022 yakupa siku moja ya mapumziko kwa wiki, masaa 12 ya kupumzika kwa siku na 8 kati ya hayo yawe mfululizo, pasipoti ukae nayo mwenyewe, na gharama za kukuleta si zako.

Uliza pia afya ya hao wanyama kabla hujasaini. Mimi nalea paka mzee ana kisukari, sindano asubuhi na jioni, yapishane masaa 12, na lazima nione amekula kwanza. Sasa siku yangu ya kutoka nani amchome? Mwanzo hakuna aliyefikiria, nikawa sitoki kabisa mpaka nikakataa, ndo bosi akatafuta mtu wa kunishikia. Na mbwa Julai Agosti watembeze kabla jua halijatoka, weka kiganja kwenye lami, ukishindwa kukiacha basi nyayo zao zitaungua.

Fundi_Runda
Dada, mimi nililala kwa tajiri mmoja hapa Nairobi kama mtu wa mbwa. Niliambiwa mbwa tu, mara nikapewa na magari, mara maua, mara geti usiku. Mbwa walikuwa na bima, mimi nilipoumwa mkono nikaambiwa niende dispensari kwa pesa yangu, na hiyo bado inaniuma. Kwa hiyo iandikwe kazi ni ipi na akikuuma mbwa nani analipa. Chanjo ya kichaa cha mbwa wakuchome kabla hujaanza, na ukiumwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo, kichaa kikishaonyesha dalili hakuna kupona. Zabibu, chokoleti na vitunguu mbwa asiguse, akifa mikononi mwako utaulizwa wewe.

AbuSwaleh
Bi mdogo, mamako mheshimu, anazungumza fiqhi yetu ya Shafii, mate ya mbwa huoshwa mara saba na moja kwa udongo. Lakini kuosha kunawezekana, weka nguo za kazi mbali na za kuswalia. Wamaliki, wa madhehebu nyingine, hata hawamhesabu mbwa kuwa najisi. Paka hana shida kabisa. Na mwambie mama kwa upole, yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake, hadithi hiyo bila shaka anaijua.

BintiKisauni
Shukran sana nyote. Nimemwambia ejenti alete mkataba kwanza, amenuna, sasa kesho naenda kuuliza NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya, kama amesajiliwa. Mamangu nimemsomea ya Abu Swaleh, amenyamaza, hajasema ndiyo. MamaRahma, huyo wa kukushikia siku ya kutoka analipwa na bosi ama wakata kwa mshahara wako?

MamaRahma_Sharjah
Bosi. Na hilo pia liandikwe.