Msanii kuhama Dar kwenda Lushoto: kujijenga au kujizika?

Brashi Mkononi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mwezi huu natimiza miezi tisa tangu nihame Sinza nikaja Lushoto. Nimepanga nyumba ya vyumba vitatu, njia ya kwenda Irente. Kazi yangu ni kuchora. Kule Sinza nilikuwa nachorea sebuleni, kanvasi imeegemea friji, nikikaanga vitunguu mchoro nao unanuka vitunguu. Kodi ya mwezi mmoja ya kule inanikalisha huku karibu miezi mitatu, na chumba kimoja nimekifanya karakana.

Sikuja kujisifu. Nataka tuulizane wazi kwa nini wasanii wote tubanane Dar. Lushoto iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, msitu wa Magamba uko juu yetu, na asubuhi ukungu ukipasuka pale Irente unaiona Mazinde na nyika yote chini ya miguu yako. Lami ipo, kilomita 33 tu kutoka Mombo. Wachoraji, wanamuziki na waandishi, hata ishirini tu, tukihamia tukafungua karakana na tukawa na tamasha la kila mwaka kama Bagamoyo walivyo nalo tangu 1982, mji huu utakuwa mji wa sanaa. Watalii wanakuja kupanda milima, wanapiga picha, wanaondoka na hela zao mfukoni.

Je, hili ni wazo au ndoto za mchana? Hoja tu. Matusi kaeni nayo.

Kijiwe Nongwa

Ndoto za mchana, mkuu.

Sanaa haili mandhari, inakula wateja. Mzee Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, lakini kuchora akaanzia Dar mwaka 1968. Na aliuzia wapi? Morogoro Stores, Oysterbay, pale Wazungu walipokuwa wanakuja kununua mahitaji ya nyumbani. Hakwenda mlimani kutafuta utulivu, alikwenda penye pochi. Angekaa Tunduru na rangi zake, leo tusingemjua.

Halafu Bagamoyo usiitolee mfano ovyo. Pale serikali iliweka Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ndiyo TaSUBa ya leo. Kuna walimu, kuna wanafunzi wanaoingia kila mwaka, na Dar iko karibu, mtu anakwenda kupiga shoo usiku na kesho yupo darasani. Wewe ukitaka kuja Dar kwa shoo moja, siku nzima imeishia kwenye basi.

Mama Gulio

Mimi sanaa siijui, nauza mboga. Napakia karoti, kabichi na hoho kwenda Dar mwaka wa kumi na moja sasa. Nina machache kwako, mwanangu.

Kwanza, umeonja Julai ya huku? Umesema miezi tisa lakini hujasema ipi. Kipupwe kikishika, nguo za watoto zinakaa kambani siku tatu na bado zina unyevu. Hizo rangi zako sijui zitakauka vipi. Masika nayo, pale kwenye kona za Soni mawe yanashuka barabarani, gari inasimama, mzigo unaoza ndani ya Fuso huku unautazama.

Pili, na hili ndilo kubwa. Huku mtu halali ndani na muziki wake akadhani anaishi. Tulikuwa na mgeni mmoja hapa jirani, kijana mpole, anafanya kazi kwenye kompyuta. Msibani haonekani, kwenye kuchimba mtaro wa maji haonekani, salamu anatoa kwa dirisha. Akaumwa. Siku nne hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyezoea kumwona. Aliyemgundua ni mtoto aliyefuata mpira uani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa hajui tu kwamba huku jirani ndiye gari la wagonjwa.

Na la mwisho nacheka kidogo. Sisi kabichi yetu bei anapanga mtu wa Dar, gunia anataka lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, na tunakubali kwa sababu mzigo hausubiri. Picha zako utamuuzia nani kama si huyo huyo? Angalia nazo zisije zikapimwa lumbesa.

Mgosi wa Soni

Mama kasema vizuri. Mimi ni mzaliwa, kazi iko Dar, roho iko nyumbani. Nitasema ambalo wageni hawapendi kusikia.

Lushoto haina nafasi ya ziada. Mgeni akiona kijani anadhani ni pori. Usambara hakuna pori, wakuu. Kuna hifadhi ya serikali, na kuna mashamba ya watu. Shamba la babu yangu liligawanywa kwa watoto saba, la baba likagawanywa tena, na langu mimi ni vipande vitatu: kimoja bondeni cha mboga, kimoja cha migomba karibu na nyumba, kingine huko juu ambako ukiangusha jembe unalifuata kwa kukimbia. Vijana wa rika langu wako Dar wanauza maji kwenye foleni kwa sababu kipande cha nne hakikuwepo.

Sasa waje wasanii ishirini wenye hela za Dar. Mwaka wa kwanza wanapanga, sawa. Mwaka wa pili mmoja anataka kujenga. Mzee mwenye deni la ada anauza kipande cha juu. Mwaka wa tano kiwanja kimepanda hadi mtoto wa hapa hawezi kununua kwao. Hayo hayakuanza leo. Wajerumani walikuja huku wakikimbia joto la pwani, wakapaita Wilhelmstal, wakapima mashamba yao mahali pazuri pazuri. Nao walipenda mandhari.

Simfananishi mleta mada na walowezi, asinune. Nasema anayependa mandhari aulize kwanza nani analima kwenye hiyo picha.

Brashi Mkononi

Sijanuna, mgosi. Ila umenipiga kofi na kisha ukaniambia si wewe niliyekukusudia.

Mama Gulio, Julai niliiona. Rangi za mafuta zilichukua karibu wiki tatu kukauka, nikadhani muuzaji kanipunja. Kumbe hali ya hewa! Sasa nachora kwa akriliki miezi hiyo. Msibani naenda, ingawa mara ya kwanza nilikwenda na viatu vyeupe.

Kijiwe, umesahau kwamba siku hizi picha inauzwa kwa simu. Mwaka huu nimeuza kazi sita, nne zimenunuliwa na watu ambao hawajawahi kuniona. Wateja wangu hawako Oysterbay wala hawako Lushoto.

Kijiwe Nongwa

Basi kama wateja hawako Lushoto, mji wa sanaa wa nini? Kaa kimya uchore, utuachie Dar yetu. Unachotaka wewe ni majirani wa kupiga nao stori za rangi. Sema upweke, mkuu, tutakuelewa.

Mpwa wa Carolina

Hapo kwa Mgosi nina la kuongeza, kwa sababu nimeliona likitokea mahali pengine hadi mwisho wake.

Naishi Greensboro, North Carolina, huku Marekani. Magharibi mwa jimbo hili, kwenye milima ya Blue Ridge, kuna mji unaitwa Asheville, wakazi chini kidogo ya laki moja. Ni mji ambao kila mtu mwenye gitaa anataka kuhamia. Kando ya mto French Broad kulikuwa na viwanda na maghala ya zamani yaliyoachwa. Wasanii wakaingia kwa sababu kodi ilikuwa ya kutupa. Wakafinyanga, wakachora, wakapuliza vioo, na mtaa ukapata jina, River Arts District. Watalii wakaja kuwaona. Hoteli zikaja kwa ajili ya watalii. Nyumba zikapanda bei hadi anayetandika vitanda vya hoteli hawezi kulala mji huo huo. Katika wanaolalamika leo kwamba wageni wameharibu mji, wengi walikuja kama wageni. Hilo huwa linanichekesha.

Lakini kuna la pili. Maghala yale yalikuwa rahisi kwa sababu yalikuwa kwenye bonde la mafuriko. Tarehe 27 Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yakapita juu ya milima, mto ukapanda, na sehemu kubwa ya mtaa wa wasanii ikazama au ikachukuliwa kabisa. Mji mzima, maji ya bomba hayakufaa kunywewa hadi tarehe 18 Novemba. Mji ambao watu walihamia kutoka pwani wakisema wanakimbia vimbunga.

Kwa hiyo mleta mada, ukiona mahali penye milima ni rahisi kuliko pa jirani, usiulize kwa nini wenyeji hawapaoni. Wanapaona sana.

Binti Vuga

Samahani, kaka zangu. Nasoma tangu juu, naona mnagombania kama sanaa iletwe Lushoto au isiletwe. Nani amewaambia haipo?

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Udongo anaufuata mwenyewe, anaukanda kwa miguu, chungu anakizungusha kwa mkono bila gurudumu, anachoma kwa kuni nje ya nyumba. Mdumange, ngoma yetu, tumeuona ukichezwa harusini tangu tuko mgongoni. Hata Wagosi wa Kaya, kabla nyie hamjaanza kuiga lafudhi yetu kwa mzaha, wao walikuwa wameshaifanya mali kwenye Bongo Fleva, wakasimama nayo mbele ya nchi nzima.

Linaloniudhi ni kwamba mgeni akifinyanga kikombe kimoja anaitwa msanii, bibi akifinyanga vyungu arobaini anaitwa mama muuza vyungu. Kikombe cha msanii kinawekewa taa. Chungu cha bibi kinapangwa chini gulioni, na mnunuzi anakipiga kwa kidole asikie kama kimepasuka, kisha anaomba apunguziwe.

Kaka Brashi, katika miezi tisa umeingia karakana ya mwanamke gani wa huku? Nauliza kwa nia njema.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, shikamooni hamjanipa lakini marahaba.

Mmemtaja mgeni mara nyingi bila kukumbuka kwamba ufalme wa Usambara, kwa masimulizi yetu wenyewe, uliasisiwa na mgeni. Mbegha alitoka Ungulu, ndugu zake wamemkataa kwa ugomvi wa urithi. Akaja na mbwa wake, akawa anaua nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu. Nyama akawagawia wenyeji, wenyeji wakampa chakula cha shamba. Kwa hiari yao wakamfanya mfalme, na Wakilindi wakatawala Vuga kutoka kwake.

Kuna pia mgeni wa aina ya pili. Nilikuwa mtoto Waingereza walipolazimisha matuta kwenye miteremko. Walikuja na vitabu na viboko, wakaamrisha watu walime kwa namna waliyoiamua wao ofisini, na mzigo ukawaangukia akina mama. Udongo kuhifadhiwa ni jambo jema. Lakini watu waliyachukia matuta kiasi kwamba siasa za kudai uhuru zilipopanda huku zilikuta kuni zimekauka.

Wote wawili walikuwa wageni, na wote wawili walisema wamekuja kuokoa mashamba.

Mgosi wa Soni

Mwalimu, shikamoo. Umemaliza kazi.

Brashi, Mbegha alikuja na nyama. Wewe umekuja na nini? Tamasha si nyama. Tamasha ni siku tatu za spika, sisi tunabaki kuokota chupa.

Brashi Mkononi

Shikamoo Mwalimu. Dada Binti Vuga, jibu la kweli ni kwamba sijaingia karakana ya mama yeyote. Nimenunua vyungu viwili vya kuweka brashi, na bei niliomba nipunguziwe. Nimesoma ulichoandika nikavitazama pale mezani nikaona aibu.

Ninachofanya ni kufundisha watoto saba kuchora jioni mara mbili kwa wiki, bure, na wawili kati yao wananizidi jicho. Sijui kama hiyo ni nyama au ni mifupa.

Kijiwe, ndiyo, ni upweke pia. Haya, umefurahi?

Sasa niwaambie lililonifanya nianzishe mada yenyewe. Dalali kanionyesha kiwanja, robo eka, mteremko unashuka hadi kijitoni, mandhari usipime. Bei ni karibu nusu ya viwanja vya jirani. Nimeshatoa advansi. Nilitaka mniambie nimefanya vizuri.

Mpwa wa Carolina

Nusu bei, na kijito chini. Kaka, nilikuandikia yote yale bure?

Mgosi wa Soni

Ngoja, ngoja. Usimalizie hela.

Kwanza kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Robo eka inayoshuka hadi majini, toa mita 60, umebakiwa na pa kuegeshea pikipiki. Pili, hicho ni kiwanja kilichopimwa au ni ardhi ya kijiji? Kama ni ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kuna halmashauri ya kijiji, kuna mkutano mkuu, dalali hana kiti pale. Tatu, aliyeuza ni nani, na ndugu zake wanajua? Huku kipande kimoja kinaweza kuwa na wenye nacho watano, na wanne wako Dar hawajaambiwa.

Ni kitongoji gani?

Brashi Mkononi

Nimekutumia faraghani.

Mama Gulio

Aone huyu! Miezi tisa tunakupa mboga, kiwanja unamuuliza dalali.

Mgosi wa Soni

Nimeona. Jumamosi napanda nyumbani, nitakupitia. Mama yangu anamjua mwenye kila mgomba kwenye lile bonde, tutakwenda naye. Vaa viatu vya kukanyagia matope, vile vyeupe viache nyumbani. Na hivyo vyungu viwili, Binti Vuga atuambie bei yake halali ilikuwa ngapi, utaongezea ukipita gulioni.