Sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue: tumemkumbuka ama tumemfunika?

Wakuu, hebu tuongee hii mambo bila kurukia kabila, ingawa najua kuna mtu atarukia tu.

Jana nilikuwa nangoja jamaa pale Archives, lile jengo la nyaraka za taifa, si mnajua ukimwambia mtu mkutane tao ni lazima iwe Archives hata kama nyote mnaenda Westlands. Akachelewa kama kawaida yake, nikabaki nikiangalia sanamu ya Mboya. Kando yangu kuna kijana anauza chaja na kava za simu, nikamuuliza huyu wa sanamu ni nani. Akanijibu haraka, "Si ni Mboya, yule wa Tom Mboya Street." Sawa. Nikamuuliza, na alifia wapi? Kijana akageuka akanyoosha mkono nyuma, "huko chini Tom Mboya, karibu na fire station."

Na hapo tulipokuwa tumesimama hapafiki hata mita 30 kutoka mahali penyewe! Mboya alipigwa risasi Jumamosi mchana, tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa la Chhani hapo hapo Moi Avenue, ambayo wakati huo iliitwa Government Road. Alikuwa ametoka Addis Ababa siku hiyo hiyo kwa mkutano, waziri wa mipango ya uchumi, miaka 38, ameingia kununua mafuta ya kupaka ngozi akatoka, basi. Tom Mboya Street ilikuwa ni Victoria Street, walimpa jina baada ya kifo. Kwa hivyo barabara yenye jina lake siko alikofia, na kule alikofia kumeitwa jina la Moi, aliyekuwa makamu wa rais siku hiyo. Simaanishi Moi alifanya kitu, nasema tu vile majina yamepangwa huyo kijana angejuaje?

Sasa tuje kwa sanamu. Ilizinduliwa na Rais Kibaki tarehe 20 Oktoba 2011, Mashujaa Dei, miaka 42 baada ya kifo. Kibaki na Mboya walijuana vizuri, 1960 Kibaki akiwa afisa mtendaji wa chama cha KANU, katibu mkuu alikuwa Mboya. Mchongaji ni Mkenya, Oshoto Ondula, na mimi kazi yake naipenda, sina ugomvi na yeye. Mboya amevaa joho, kifua mbele, flamingo wamemzunguka wakitaka kuruka, ukiwaona unafikiria zile ndege alizowapangia wanafunzi wa kwenda Marekani, ya kwanza 1959 ilibeba vijana 81. Ni Mboya wa kupigiwa makofi.

Lakini ndio swali langu. Serikali imekuja mahali damu ilimwagika ikasimamisha mtu anayependeza, tukapiga picha, na ile stori ya nani alimtuma muuaji ikabaki pale pale. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akanyongwa mwaka huo huo, na inasemekana aliuliza mbona hawamwendei yule mkubwa. Mkubwa gani? Tume ya ukweli ile ya TJRC iliandika kuhusu hayo mauaji kwa ripoti yake ya 2013, ripoti nayo mnajua vile imekaa kabatini.

Ukitaka kuona tofauti nenda kwao, kisiwa cha Rusinga. Kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Mtu hahitaji kusoma kibao, anafika anaona risasi, anajua huyu hakufa na malaria. Nairobi tumepata flamingo, Rusinga wakapata risasi, na mimi naona Rusinga ndio walisema ukweli.

Kwa hivyo nauliza: hiyo sanamu ibaki vile ilivyo ama mahali alipoangukia pawekwe alama chini kwa lami, kubwa, kila anayekimbilia matatu aikanyage na aulize? Mimi nasema iwekwe.

*

Mtu wa Jogoo Road:
Boss sanamu sio CID. Unataka shaba ifungue kesi? Angalia sanamu ya Dedan Kimathi wa Mau Mau pale mtaa wake, amesimama na bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine, Kibaki alimzindua 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge. Kuna kamba shingoni? Hakuna. Na hakuna mtu analia ati tumefunika mkoloni. Kwa sababu ukimchonga mtu akiwa amekufa unampa ushindi aliyemuua. Wacha Mboya asimame akipendeza bana, alikuwa mtu wa kupendeza, hata kwa suti alikuwa anawapita wote bungeni.

*

Kadogo wa tao:
Sote tunajua nani alimuua mnazunguka tu.

*

Nyar Rusinga:
Mimi natoka huko unakosifia. Nakubali lile umbo ni kitu kikali, lakini nikwambie shida yake. Mtoto akifika cha kwanza anauliza mbona nyumba iko kama risasi, unamjibu, na baada ya hapo maskio yamefungwa, anataka kujua bunduki ilikuwa aina gani na muuaji alijificha wapi. Ukianza kumwambia huyu mtu alikuwa na chama chake Nairobi cha People's Convention Party 1957, na mwaka uliofuata ndiye aliendesha ule mkutano wa Afrika nzima kule Accra akiwa na miaka 28, ameshatoka nje anarusha mawe ziwani. Risasi inakula mtu mara ya pili. Kwa hivyo msitamani sana vitu vyetu.

Halafu nyinyi wa Nairobi tunzeni kwanza hicho mlicho nacho. Nilipita mara ya mwisho hakuna hata tone la maji kwa kidimbwi cha hapo chini ya sanamu, flamingo wamesimama juu ya chupa za soda.

*

(Mwenye mada)
Nyar Rusinga umenishika pabaya, hilo la mtoto sikuwa nimeliwaza, kweli. Lakini ona, hilo ndio linanifanya niseme alama chini na sio kubadilisha sanamu. Mtu aanze na Mboya mwenye joho, ajue ni nani, halafu atembee hatua chache akutane na mahali penyewe. Kwenu mtoto anaanzia mwisho. Kwetu hafiki mwisho kabisa.

Mtu wa Jogoo Road, Kimathi sio mfano mzuri, samahani. Aliyemnyonga Kimathi anajulikana, alikuwa na mahakama na hakimu na faili, na alishaenda kwao. Hata sanamu yao ya Delamere, yule mlowezi, ilitolewa mjini ikapelekwa Soysambu shambani, na sanamu ya Malkia Victoria pale bustani ya Jeevanjee ilikatwa kichwa 2015 na hakuna mtu alitoa machozi. Aliyemtuma muuaji wa Mboya hakwenda kwao popote. Kama alikuwa mkubwa kweli basi alikula uhuru na sisi hapa hapa, akazeeka, pengine akazikwa kwa heshima. Na serikali iliyosimamisha sanamu ni mtoto wa serikali iliyokuwako siku ile, ile ambayo siku ya misa ya Mboya pale kanisa la Holy Family watu walirushia msafara wa Rais Kenyatta mawe wakatupiwa gesi. Ndio maana mimi flamingo wananitia shaka kidogo.

Kadogo, hapana, hatujui. Tunashuku. Kila familia Kenya ina jina lake la kushuku na majina hayafanani, kwa hivyo usituletee "sote".

Mimi hivi, tarehe 5 Julai nitapita pale saa saba mchana na chaki. Nichore duara tu mbele ya pale palipokuwa na duka la dawa, niandike MBOYA, 1969. Askari wa kanjo wakifuta wafute, nimenunua pakiti nzima. Yule kijana wa chaja nishamwambia aniwekee nafasi.