Msasa na grisi ya beringi kwenye kalipa: mafundi, mtaua watu!

Wakuu, hivi nani aliwafundisha watu kwamba kalipa (kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski) iliyoganda inafufuliwa kwa msasa na grisi ya beringi? Gari inapandishwa jeki, pistoni yake, ile inayosukuma pedi, inasuguliwa mpaka inang'aa, inapakwa grisi, inarudishwa, mwenye gari anatoa hela. Haupiti muda rimu inachemka tena, pedi ya upande mmoja imebaki bati, na jibu ni lile lile: "Kalipa imekufa bosi, tafuta ya mtumba." Haikufa. Mmeiua nyie.

Na wengi hata hawapimi kabla ya kufungua. Kanyaga breki, achia, zungusha tairi kwa mkono. Ikiwa nzito, legeza nipo ya kutolea upepo robo mzunguko. Mafuta yakiruka na tairi ikaachia, msiisingizie pistoni: presha imenasa, na mara nyingi ni mpira wa breki, lile bomba la raba linalopeleka mafuta kwenye kalipa, umevimba kwa ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi. Tairi ikibaki nzito, hapo sasa ni pistoni au pini ambazo kalipa inateleza juu yake. Kazi ya dakika mbili na spana moja, lakini watu wanaona uvivu.

Pistoni itoeni kwa pedali, mpira ukiwa bado umefungwa. Weka kipande cha ubao mbele yake, mtu akanyage taratibu. Wale wa kompresa: upepo unairusha pistoni kama risasi, na vidole havina spea.

Haya, huo msasa. Pistoni nyingi za Toyota hizi zetu ni chuma kilichopakwa kromu, na sili, ile raba inayozuia mafuta yasivuje, inateleza juu ya hiyo kromu. Ukiikwangua, umeacha chuma uchi kisubiri maji yapite kwenye dasti kava (raba ya kuzuia vumbi) iliyochanika. Futa pistoni, ipitishie ukucha. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, mahali sili inapopita, hiyo tupa, nunua nyingine. Hakuna msasa wa namba yoyote unaorudisha kromu.

Lakini kinachokera kuliko vyote ni mfereji wa sili, ule mkato ndani ya kalipa sili inamokaa. Unanunua ripea kiti (seti ya raba mpya za kalipa) nzuri kabisa, fundi anachomoa sili ya zamani, anafuta kwa tambara, anapachika mpya. Mfereji hajaugusa! Sili ya pistoni ukiikata utaona ni ya pembe nne, siyo duara kama oringi. Ukikanyaga breki inapinda kumfuata pistoni, ukiachia inajinyoosha na kumrudisha nyuma sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi humo, kazi yote ni ya hiyo raba. Sasa kutu ikijaa chini yake, inaisukuma sili imkabe pistoni koo. Ukiweka sili mpya juu ya kutu ile ile, inakaba zaidi ya ile kuukuu, ndiyo maana kalipa "mpya" inaganda kabla vumbi halijaikalia.

Mfereji unasafishwa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa au brashi ya nyuzi za shaba, pamoja na spiriti, mpaka kona za ndani zionekane chuma kitupu. Bisibisi hapana, mkwaruzo mmoja unavujisha. Petroli, dizeli na oili ya injini hapana kabisa: raba za breki zikigusa mafuta ya aina hiyo zinavimba na kulegea kama ubani uliotafunwa. Chovya sili kwenye mafuta mapya ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha tangi lake kinavyosema, kisha sukuma pistoni kwa mkono, imenyooka. Ikitaka nyundo, simama, mfereji bado mchafu. Na zile za nyuma zenye handbreki ya waya ndani ya pistoni zinazungushwa kuingia, ukibana kwa klampu unavunja mashine ya ndani.

Pini nazo. Gari nyingi zina pini mbili zisizofanana, moja ina bushi ya raba nchani, nyingine haina. Weka alama ipi ilikaa juu kabla hujachomoa. Grisi yake ni ya silikoni ya breki, pakaa nyembamba. Ukiijaza tundu zima, upepo unanaswa nyuma ya pini na kuirudisha nje. Ya beringi inaivimbisha ile bushi, na pedi inaliwa upande mmoja tu.

Washa za kopa ni mbili, kila upande wa kichwa cha mpira wa breki moja, pale bolti inapoufunga kwenye kalipa, na ziwe mpya. Anayezirudisha za zamani akaona zinavuja hukaza zaidi, mpaka bolti inakatika.

Ukimaliza kutoa upepo, kanyaga pedali kwa nguvu, shikilia, mwenzako apitishe karatasi ya chooni kuzunguka kiungo na dasti kava. Ikilowa, fungua tena.

Pedali ikiwa laini kama sifongo, chungulia nipo. Ikitazama chini, fundi kafunga kalipa ya kushoto kulia, na upepo huo hautoki hata mmwage lita tano.