Mjadala: Maasi ya Gaeta, na nani aliyeasi kwanza ndani ya Galactica

Mwanzisha mada, Mkomani, Lamu:

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Kwa majuma kadhaa sasa, kila baada ya sala ya isha, watu wachache wa mtaa wetu tumekuwa tukiitazama upya tamthilia ya Kimarekani ya Battlestar Galactica, ile iliyoanza mwaka 2003 na kumalizika 2009. Juzi tulifika kwenye sehemu mbili za maasi, zilizoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Januari na 6 Februari 2009, na baraza letu likagawanyika hata wengine wakaondoka bila kumaliza kahawa. Nimeona shauri hili linastahili kuandikwa na kujibiwa kwa utulivu.

Kwa asiyeijua hadithi, wanadamu wa makoloni 12 wameangamizwa na Cylon, mashine walizoziunda wenyewe, ambazo nyingine sasa zina sura na miili ya watu. Waliosalia walikuwa kama 50,000 mwanzoni, na kufikia maasi wamepungua chini ya 40,000. Wanatangatanga angani katika msafara wa meli za raia, wakilindwa na meli ya kivita Galactica chini ya Admirali William Adama. Waliahidiwa Dunia, wakaifikia, wakaikuta imeungua zamani. Ndipo Adama na Rais Laura Roslin walipofanya mapatano na kundi la Cylon lililotengana na wenzake: Cylon hao waiboreshe mitambo ya kurukia masafa ya mbali angani katika kila meli, nao wakubaliwe kuwa raia. Baraza la wajumbe wa makoloni, likiongozwa na Makamu wa Rais Tom Zarek, liliamua kwamba Cylon asipande meli yoyote bila ridhaa ya waliomo. Adama akatuma askari. Meli ya mafuta ikatoroka, Zarek akatiwa ndani kwa muda, na baada ya siku chache Luteni Felix Gaeta, afisa aliyekuwa ameketi katika chumba cha uongozi tangu siku ya kwanza, akaiteka Galactica pamoja na huyo Zarek. Wajumbe wa Baraza walipokataa kumfuata, Zarek aliamuru wapigwe risasi. Maasi yakashindwa, na wakubwa wake wawili wakasimamishwa mbele ya bunduki.

Wenzangu wengi husema kwamba Gaeta ni mwasi aliyepata stahili yake. Mimi nasema kwamba alipata adhabu ya kosa ambalo wengine ndani ya meli hiyo hiyo walilitenda na wakapandishwa vyeo, na kwamba wa kwanza kulivunja Baraza alikuwa Adama.

Naanza na mtoto wa Admirali. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Adama alipoamuru Rais akamatwe, Lee Adama, aliyepelekwa pamoja na askari kumkamata, alimwelekezea Kanali Tigh, naibu wa Adama, bastola kichwani na kukataa kuendelea. Kwa sheria ya jeshi lolote huo ni uasi, na Lee huyo aliishia kuwa kamanda wa meli ya kivita ya Pegasus. Katika msimu wa nne, ndani ya meli ndogo ya Demetrius, Helo, aliyekuwa naibu, alimwondolea kamanda wake Kara Thrace amri kwa sababu aliona anawapeleka watu kwenye maangamizi. Gaeta alipokwenda kuutayarisha mtambo ili meli irudi kwa wenzake, Samuel Anders akampiga risasi ya mguu, na mguu huo ukakatwa. Hatuonyeshwi kesi ya Helo, wala ya Anders, ambaye baadaye alijulikana kuwa ni Cylon.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Katika msimu wa tatu, mafundi waliochoshwa na kazi ya meli ya mafuta waligoma, wakiongozwa na Galen Tyrol, fundi mkuu wa sitaha ya ndege. Hawakushika silaha. Adama alimwambia Tyrol kwamba mgomo wa jeshini ni uasi, na kwamba angeanza kwa kumsimamisha Cally, mke wa Tyrol na mama wa mtoto mchanga, ukutani na kumpiga risasi. Mgomo ukavunjwa hapo hapo. Ni kweli kwamba Rais alimsikiliza Tyrol baadaye na kumruhusu aunde chama cha wafanyakazi, lakini kila mtu katika meli alikwisha kujua kwamba malalamiko ya mikono mitupu huitwa maasi. Mtu aliyeyaona yote hayo akiwa kazini angelipeleka wapi shauri lake, hali uamuzi wa Baraza wenyewe umepitiwa juu na askari?

Mchangiaji wa kwanza, Malindi:

Ndugu wa Mkomani, umeyapanga vizuri, lakini umeisahau bahari yenyewe. Wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama, na msafara ule ulikuwa na manahodha 12 katika Baraza, mmoja Ikulu, mmoja Galactica, na kila meli na wa kwake. Meli ya mafuta ilipotoroka iliondoka na uhai wa watu wote. Mtambo dhaifu wa kuruka ni sawa na tanga lililochanika wakati adui yuko nyuma, na hakuna nahodha anayewakusanya abiria kupiga kura juu ya tanga.

Kuhusu kupatana na mgeni unayemwogopa, sisi wa Malindi tunayo habari ya kusema. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika hapa akitoka Mombasa, ambako hakupata amani, mfalme wa Malindi alimpokea na kumpa rubani wa kumvusha mpaka Calicut kule India. Yapo mapokezi ya kila namna juu ya rubani huyo, siyaingii. Neno langu ni kwamba mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa, na Malindi haikuguswa. Adama alifanya hesabu ile ile: ana adui mkubwa, na mbele yake amesimama adui mdogo aliyegombana na yule mkubwa.

Mchangiaji wa pili, mwalimu wa sekondari, Langoni, Lamu:

Naomba tumzungumze Gaeta mwenyewe, kwa kuwa wanaume wa baraza hilo la kahawa, kama nilivyosimuliwa, walimaliza habari zake kwa neno moja tu, kisasi cha mguu. Siwezi kulikubali.

Wakati Cylon walipoikalia New Caprica, sayari ambako wanadamu walikuwa wamehamia, Gaeta alibaki akifanya kazi katika ofisi ya Baltar, Rais wa wakati huo, aliyekuwa akitawala chini ya Cylon, na kwa siri akawapelekea wapiganaji habari zilizookoa watu. Hakumwambia mtu. Waliporudi melini, wenzake walimhukumu kuwa msaliti katika mahakama ya siri ya watu sita, akapigishwa magoti penye mlango wa kutupia watu nje angani, na akaokoka kwa sababu tu Tyrol alitambua dakika ya mwisho kwamba mpelekaji wa zile habari ndiye huyo huyo. Baadaye akaupoteza mguu. Kisha Dualla, aliyekuwa akiketi naye chumba kimoja cha uongozi, alijiua baada ya Dunia kukutwa majivu. Mtu huyu hakuwa na kinyongo kimoja. Alikuwa amelipa kila alichodaiwa, na bado akatazamwa kama mdeni.

Lakini hapo ndipo ninapoliona kosa lake, na ni kubwa kuliko analolitaja ndugu wa Malindi. Aliyejua kwa magoti yake mwenyewe mahakama ya siri ni kitu gani, alikubali kumfanyia Adama kesi ya saa chache, Zarek akiwa jaji na hukumu ikijulikana kabla ya shahidi kuitwa. Ninapowasomesha vijana riwaya na tamthilia huwaambia watafute mahali ambapo mhusika anamtenda mwenzake lile alilotendewa yeye. Kwa Gaeta mahali pake ni hapo.

Na bado nampa haki yake. Roslin alipokuwa akija na meli ya Cylon, na Zarek akishikilia kwamba wapigane, Gaeta ndiye aliyeamuru mizinga isimame. Alikuwa na nguvu ya kuua maelfu, akaiacha, akijua kwamba amri hiyo inamaanisha kifo chake. Zarek asingefanya hivyo. (Aliyeigiza Zarek, Richard Hatch, ndiye aliyekuwa shujaa Apollo katika tamthilia ya kwanza ya 1978, kila nikimtazama nakumbuka jinsi sauti ile ile inavyoweza kumtoa mtu machozi au kumtia hofu.)

Mchangiaji wa tatu, mzee mstaafu, Malindi:

Wanangu, nami niseme kidogo. Nilikuwa mwanafunzi mwezi wa Januari 1964, majeshi matatu yalipoasi ndani ya juma moja: kambi ya Colito kule Tanganyika tarehe 20, Jinja kule Uganda tarehe 23, na Lanet hapa Kenya usiku wa tarehe 24. Malalamiko yalifanana, mishahara midogo na maafisa wa Kiingereza kubaki juu ya Waafrika baada ya uhuru. Serikali zote tatu, zilizokuwa zimetoka tu mkononi mwa Mwingereza, zilimwita Mwingereza huyo huyo aje na askari kuyazima. Roslin anaporudi na meli ya Cylon kuwakomboa watu wake mimi huona picha ile, na sicheki, kwa sababu najua ilivyowauma viongozi wetu.

Lakini tazameni yaliyofuata. Waasi waliadhibiwa, na Tanganyika ikalivunja jeshi zima ikaunda jipya. Hata hivyo, lile shauri la maafisa wa kigeni halikuzikwa pamoja na waasi. Lilishughulikiwa, na vyeo vikaendelea kupewa wananchi. Serikali yenye akili humtenga mwasi na shauri lake: yeye humhukumu, shauri hulijibu. Hilo ndilo nililolitafuta katika sehemu zilizofuata za tamthilia hii.

Mchangiaji wa kwanza, Malindi:

Mzee wangu, shikamoo. Naona jawabu lipo. Baada ya maasi Roslin alimkabidhi Lee kazi ya kuunda Baraza jipya, na Lee akapendekeza wajumbe watoke kwenye meli badala ya makoloni yaliyokwisha kufa. Hiyo ndiyo sauti ya meli ambayo Gaeta aliidai, nayo imepatikana.

Mwanzisha mada, Mkomani, Lamu:

Nawashukuru nyote, na kwanza nakiri deni. Ndugu wa Malindi amenishinda kuhusu meli ya mafuta: kukataa kupandiwa na Cylon ni haki ya waliomo, kuondoka na mafuta ya watu wote si haki ya yeyote. Mwalimu naye amenionyesha kitu nilichokipita macho wazi, na kuanzia leo sitaitaja kesi ya Adama bila kuitaja ile mahakama ya siri.

Lakini hesabu ya 1498 siikubali ilivyo. Mfalme wa Malindi alipata amani, ndiyo. Baada ya karne moja mshirika wake alihamia Mombasa, akaanza Fort Jesus mwaka 1593, mtawala wa Malindi akamfuata huko, na mji wenu ukabaki unafifia. Sisi wa Lamu tulifanya kama nyinyi. Baada ya Vita vya Shela, mnamo 1812, wazee wetu walituma ujumbe kwa Sayyid Said wa Oman wakiomba ulinzi dhidi ya Mombasa na Pate, wakapata ulinzi, ngome na liwali, na liwali hakuondoka. Sisemi walikosea. Nasema waliotia mkono katika jambo lile walikuwa wazee wa mji wenyewe, na kwa hiyo watoto wao waliweza kulibeba hata lilipowaelemea. Watu wa msafara walibebeshwa mkataba ambao wajumbe wao walikuwa wameuwekea sharti, na sharti lenyewe lilikuwa dogo mno: uliza kwanza kabla ya kupanda chombo cha mtu. Adama hakukosa muda wa kuuliza. Marehemu babu yangu alikuwa sarahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, wa jahazi, na alitusimulia kwamba hata kwenye dhoruba nahodha wake hakutosa shehena kabla ya kuwaita wenye mali waliomo chomboni, mawimbi yakiwa yanaingia.

Ama Baraza jipya la meli, Mzee, ni jibu nusu. Liliundwa kwa sababu lile la zamani lilikuwa limeuawa, na katika yote yaliyoonyeshwa baada yake sikumsikia Adama hata mara moja akitamka kwamba alikosea kulipuuza lile la kwanza. Baada ya siku chache mbavu za Galactica zilikuwa zikipakwa dawa ya Cylon ili zisipasuke, na uchungu unaoonyeshwa ni wa Admirali na meli yake.

Linalonikosesha usingizi ni Tyrol. Fundi yule aliyetishiwa kuuliwa mke, kiongozi wa ule mgomo uliozimwa, na ambaye kwa wakati huu anajua kwamba yeye mwenyewe ni Cylon, ndiye aliyetambaa peke yake ndani ya njia za hewa mpaka kwenye mtambo wa kuruka, akaung'oa kifaa, na hivyo Galactica ikashindwa kuondoka na Adama akapata muda wa kurudi. Kama yupo mtu aliyekuwa na sababu ya kukaa upande wa Gaeta, ni huyo. Ndugu wa Malindi atasema alikuwa akiitetea amri. Mimi naona alikuwa akiwatetea watu waliobaki, na kwamba angefanya hivyo hivyo hata kama aliyeketi chumba cha uongozi angekuwa Gaeta na aliyekuwa akitaka kuruka angekuwa Adama. Mwalimu, wewe uliyemsoma Gaeta vizuri namna hiyo, huyu unamsomaje?